Breki ya Bibi na Masikio Yangu

Jumatatu, 4 Novemba

Mgongo umekwisha. Tangu alfajiri nachimba mashimo ya nguzo za uzio, udongo umelowa, unanata kwenye sepetu kama gundi. Nguruwe mwitu wameingia tena kwenye viazi. Wanalima kuliko sisi tunaolipwa kulima!

Jioni Bibi akarudi kutoka mjini, honi tangu getini. Bibi ndiye mwenye shamba. Mjane, mvi tupu, umbo dogo, lakini akikuita hata ukiwa chooni unasimama. Tangu apasuliwe bega mwaka juzi hajapiga risasi. Daktari alimwambia bega lile halitavumilia teke la bunduki. Na Bibi bila kuwinda ni jogoo aliyekatazwa kuwika.

Leo kafungua sanduku la bunduki mbele yetu. Kwenye mdomo wa mtutu Fundi Bunduki kamfungia kidude — kichuma kama kipande cha filimbi, matundu ubavuni. Breki, anakiita. Upepo wa baruti badala ya kutoka wote mbele unatokea pembeni na kurudi nyuma, kwa hiyo bunduki inatulia, haimpigi mwenyewe. Ndivyo alivyotueleza. Mimi nilielewa nusu.

Akalala juu ya gunia, akalenga ubao kule bondeni. Mimi ubavuni kwake na darubini, nimwambie risasi imegonga wapi. Akafyatua.

Mungu wangu!

Nilidhani bunduki imepasuka. Kofi la upepo usoni, meno yakagongana. Karani — mbwa wetu, tunamwita hivyo kwa sababu hapitishi kitu bila kukikagua — akaingia chini ya gari na hakutoka tena. Dereva alichuchumaa nyuma ya trekta, mikono kichwani kama anakamatwa.

Na Bibi? Anacheka! Anapapasa bega. Haijanigusa, anasema. Jamani, haijanigusa hata kidogo! Akapiga tena, na tena, kila mlio anacheka kama msichana kwenye bembea. Na mimi nikacheka, ingawa kicheko changu mwenyewe sikukisikia.

Jumatano, 6 Novemba

Kichwani mna nyenje. Wamehamia humo na kodi hawalipi.

Dereva nalala naye chumba kimoja, hii ghala ya zamani ya mbolea: vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, gunia badala ya kioo dirishani. Ni mtu wa maneno mengi mno. Tangu juzi namwona midomo tu. Leo asubuhi nikamwambia sijawahi kulala vizuri hivi tangu nimfahamu. Akajibu kitu kirefu. Nadhani alinitukana.

Bibi katoa ghalani yale makopo ya masikio, ya kuvaa wakati wa kukata miti kwa msumeno wa mashine. Akasema kila mtu avae, breki ina kelele. Nimevaa. Basi, niko salama.

Jioni tukakaa kibandani ukingoni mwa viazi, mimi na yeye, kwenye kibenchi kimoja. Kibanda kidogo, paa la bati. Jua linazama, nguruwe wakatoka msituni, wanatembea kama wenye shamba. Bibi akapiga mmoja. Chini papo hapo! Wa kwanza tangu bega. Alinikumbatia. Mimi! Na matope yangu yote!

Tukambeba mimi na Dereva. Mimi nguruwe sili, lakini mgongo wangu haubagui mzigo.

Ila ule mlio chini ya bati... Makopo ninayo, lakini nimeumia vilevile. Labda ndivyo yalivyo. Labda masikio yangu ni ya kizembe.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku ya simu. Ijumaa jioni mtandao unapatikana juu ya kilima cha tangi la maji, kwa hiyo napanda huko na uchovu wangu wote, na nashuka mwepesi. Ndivyo huwa.

Leo nimeshuka mzito.

Mama Kipengo nilimsikia. Sauti yake nene, hata ngurumo haiizimi. Kanieleza paa limezibwa, kaka yake kaoa tena, mtu yule hachoki. Halafu akampa mtoto simu.

Kipengo wangu ana miaka saba. Niliondoka ana minne. Meno ya mbele yameng'oka, ndiyo maana ya jina, na sauti yake nyembamba kama uzi. Leo ule uzi sikuuona. Nyenje tu! Nikabana simu sikioni mpaka sikio likauma. Napata mlio kidogo, unapotea. Nikawa nasema eee mwanangu, sawa mwanangu, sawa. Kama mtu anayebembeleza ng'ombe.

Mama Kipengo akachukua simu akauliza mbona naitikia ovyo. Nikasema mtandao.

Mtandao! Mtandao ulikuwa safi kama maji.

Nimekaa juu ya kilima mpaka baridi ikanifukuza. Mikono imechakaa, sawa. Mgongo, sawa, hiyo ni kazi. Lakini hili la mtoto sikulileta sokoni. Kwake mimi ni sauti tu, na yeye kwangu ni sauti. Nikipoteza hiyo nitabaki picha ya ukutani, inayotikisa kichwa.

Jumapili, 10 Novemba

Nyenje wamepungua. Nimesikia mvua ikianza juu ya bati, tone moja moja. Nimelala chali nasikiliza. Raha!

Nimwambie Bibi? Nikimwambia, atavua kile kidude, na bega halitakubali, na bunduki itarudi sandukuni. Au atachukua mtu mwingine akae naye kibandani, na mimi nibaki na mashimo ya nguzo. Kibandani angalau nakaa kitako.

Na anavyocheka siku hizi! Mpishi anasema jana kaimba bafuni.

Nitavumilia. Nitaingiza na pamba ndani.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikuvumilia.

Tulifika kibandani saa kumi na moja. Karani kagoma kushuka kwenye gari. Kajilaza sakafuni, Dereva anamvuta shingo, yeye kajifanya gunia la saruji. Bibi akatazama akasikitika. Akasema mbwa huyu kazeeka sasa.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema hajazeeka, Bibi. Amesikia.

Amesikia nini?

Hicho kidude. Kinakuachia bega, Bibi, na kinachokuachia wewe kinatupiga sisi wa pembeni. Mimi Ijumaa sikumsikia mwanangu kwenye simu.

Dereva akaanza kutazama mawingu. Huwa anafanya hivyo mambo yakiharibika.

 Bibi akauliza kwa nini sikusema siku ya kwanza.

Nikamwambia, ulikuwa unacheka.

 Bibi akatoa risasi kwenye bunduki, akaifunga sandukuni, tukarudi nyumbani. Garini Karani peke yake ndiye aliyekuwa na furaha.

Jumanne, 12 Novemba

Hakuna kuwinda. Katupa kazi ya kusafisha mifereji ya paa. Hakunisalimu.

Nimejiharibia.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nina mengi!

Asubuhi Bibi akaja mlangoni kwetu mwenyewe. Vaa viatu, Baba Kipengo, tunakwenda mjini. Nikajua nafukuzwa. Nikafunga begi. Akauliza begi la nini. Nikasema la safari. Akasema tunarudi kula mchana, wewe unahamia?

Tulikwenda kwa Fundi Bunduki. Karakana iko uchochoroni nyuma ya duka la vyuma. Ndani mafuta ya mashine, vumbi la chuma, mitutu imepangwa ukutani kama mabomba ya maji. Mwenyewe ni mzee mnene, anazungumza kwa kelele kama yuko ng'ambo ya mto. Nilidhani ana hasira. Kumbe sikio la kushoto halisikii kabisa.

Bibi hakupoteza muda. Akamwambia: nipigie hiyo bunduki, mimi nisimame anaposimama huyu.

Fundi akasema, Bibi, haifai.

Akasema, nimekuuliza?

Nyuma ya karakana wana uwanja mrefu wenye tuta la udongo. Fundi akamfunga Bibi makopo mazuri, na vizibo ndani. Akalala, akafyatua. Bibi aliruka! Skafu ikamshuka kichwani. Akatoa neno ambalo sitaliandika hapa, maana huenda siku moja mwanangu akasoma. Halafu akanigeukia, macho ya maji. Hivi ndivyo? Siku zote? Nikasema hivi ndivyo, Bibi, na kibandani kuna bati.

Akajaribu yeye bunduki bila breki. Risasi moja tu. Akakunja uso, akashika bega, akakaa chini. Hapo nikamhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi. Nikaona bunduki inarudi sandukuni, na kicheko kinarudi nayo.

Fundi akasema tulieni, breki inabaki. Kinachobadilika ni nyinyi. Akaniambia nivae makopo yangu aone ninavyovaa. Nikavaa.

 Fundi akazunguka nyuma yangu. Akauliza, kwa kelele zake zile: unayavaa juu ya kofia?

Ndiyo, juu ya kofia. Kofia aliyonifuma Mama Kipengo, sufu nzito, inashuka mpaka shingoni. Asubuhi za huku zina meno, mimi siivui hata bafuni. Na Dereva vilevile, na wakata miti wote, wote tunavaa hivyo! Kumbe ile sufu inaacha mwanya, na mlio hauhitaji mlango, hupita dirishani. Siku zote nimevaa mapambo!

Fundi alicheka akashika meza. Bibi alicheka akafuta macho. Mimi nilicheka nusura nizimie. Mtu kukaribia kuuawa na kofia ya mkewe!

Halafu akawa mkali. Kasema kilichokufa humu — akagonga sikio lake la kushoto — hakioti tena, si nywele hizi. Chunga kilichobaki. Akanifundisha kizibo cha sponji. Unakisokota kwa vidole kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti, mkono wa pili unapita nyuma ya kichwa unavuta sikio juu, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Mimi mara ya kwanza nilikibandika tu mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Juu yake makopo, na chini ya makopo ngozi tupu. Na nisikae ubavuni. Nyuma ya mpigaji, hatua kadhaa, nje ya bati.

Bibi akaninunulia makopo mengine, ya betri. Sauti ndogo yanaikuza, sauti kubwa yanaikata. Sikuamini. Fundi akanivalisha, akasogea mpaka mwisho wa uwanja, akanong'ona.

Alisema: mwambie Bibi bei haipungui.

Jumamosi, 16 Novemba

Dunia ina kelele tamu! Nimevaa makopo ya betri tangu asubuhi, kisingizio nayajaribu. Nasikia panya kwenye dari wakigombana. Nasikia Karani akijilamba. Nasikia maji yakichemka jikoni ng'ambo ya ua.

Na nimesikia Dereva.

Alikuwa nyuma ya banda, peke yake na trekta. Nikasikia sauti laini, nikadhani mgonjwa. Anasema: mama, tangu nifike hapa sijaona mikono yenye kupika kama yako. Ananyamaza. Anarudia: tangu nifike hapa, dada... Anajikosoa: hapana, dada atadhani ni undugu. Anaanza upya. Mpenzi! Analiambia trekta, mpenzi, nikikuona hata gia naisahau.

Nilijibana mdomo kwa mikono yote miwili. Ni Mpishi! Kumbe Dereva anamtaka Mpishi! Mtu anayemaliza maneno ya nchi nzima chumbani kwangu, mbele ya Mpishi anasema chumvi tafadhali.

Nikashindwa. Nikapaza sauti kutoka uzioni: trekta limekubali!

Alinikimbiza mpaka kisimani. Karani nyuma yetu, anabweka kwa furaha, na kila mbweko nimeusikia vizuri. Mbavu sina.

Baadaye kanibembeleza nimwazime makopo. Anataka kusikia Mpishi anamsema vipi. Nimekataa. Kuna mambo mtu ayasikie kwa masikio aliyozaliwa nayo.

Jumanne, 19 Novemba

Kibandani tena. Bibi katuamuru tung'oe bati, tumeweka turubai. Mimi nyuma yake, hatua kadhaa, kitako kwenye kigogo. Kofia mfukoni! Masikio yaliganda, nilidhani yatavunjika kama biskuti. Vizibo ndani, makopo juu, kitufe nimekifungua mpaka mwisho.

Ukungu. Huoni kitu. Bibi anatazama kushoto. Mimi nikasikia — kulia! Pua zinavuta pumzi, mizizi inakatika. Nikamgusa kiatu kwa fimbo, nikaonyesha kulia. Akageuka taratibu, na ukungu ukafunguka kidogo, na yule pale, dume, mkubwa kama pipa, viazi vyetu mdomoni.

Akafyatua. Nilichosikia: pu. Kama mtu ametua gunia la mchele chumba cha pili. Basi! Sina nyenje, sina kofi, sina chochote. Nikaruka kabla ya Bibi kuruka. Wawili tulikuwa tunacheza kwenye matope kama tumerukwa na akili.

Karani alikuwa amebaki mbali garini. Risasi ilipolia hakuingia chini ya kiti. Akashuka, akaja mwenyewe, akamkagua dume kutoka mkia hadi pua, akaketi. Amepitisha.

Wakati wa kumfunga kamba Bibi akaniambia jambo. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi, anajua. Hataki niondoke. Niwe msimamizi wa uzio na viazi na kibanda, mwaka mzima, na chumba changu peke yangu chenye dirisha la kioo. Akasema hajapata mtu anayesikia shamba kama mimi. Anataka jibu Ijumaa.

Dirisha la kioo! Msimamizi! Nilibeba yule nguruwe kama nabeba mto wa kulalia.

Mama Kipengo anajua mkataba unakwisha. Mwaka jana pia alijua, na mwaka juzi.

Alhamisi, 21 Novemba

Bibi kanipeleka zahanati kupimwa masikio. Mpimaji ni kijana wa kike mwenye subira. Kanifungia kwenye kachumba kama kabati, kanivalisha vya kusikilizia, kanipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza.

Nikataka kufaulu. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Akafungua mlango akasema, baba, bado sijaanza.

Tukaanza upya, kwa uaminifu.

Matokeo: kushoto kuzima. Kulia, upande uliokuwa ukielekea bunduki, milio myembamba imepungua kidogo. Kidogo, akarudia, aliponiona uso. Iliyokwenda imekwenda. Iliyobaki inatosha mazungumzo mpaka uzee, ukiitunza. Na simu weka kushoto, baba.

Miaka yote naweka simu kulia!

Nimetoka pale nimeinua kichwa. Barabarani watu wanaongea, kengele za baiskeli, mtu anapiga mluzi juu ya ngazi. Nilimjibu mluzi wake. Akaniangalia kama mwendawazimu. Nikampungia mkono.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika hapa hapa juu ya kilima, mgongo kwenye tangi. Simu iko wazi mapajani, sauti kubwa, na makopo ya betri kichwani. Daftari nimelitoa kwa sababu nitakayoieleza.

Nimemsikia! Yote! Kila neno! Zile S zake zinapita kwenye pengo kama upepo chini ya mlango. Nasikia kuku nyuma yake. Nasikia mama yake anamwambia asimame vizuri, kana kwamba namwona. Ananisimulia jino jipya linachungulia, na kwamba mjomba kaanguka kwenye harusi yake mwenyewe, na nilipocheka akakatiza hadithi. Akasema: baba, leo umecheka mahali penyewe.

 Nikajifanya nakohoa.

Honi ya Bibi imelia chini uani. Ni jioni ya jibu. Nilipanga kumaliza simu kwanza, kisha nishuke nimwambie ndiyo. Dirisha la kioo. Mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi.

Halafu Kipengo akauliza: baba, unarudi lini?

Nikasema sawa mwanangu. Limetoka lenyewe, kwa mazoea.

Akasema: kila nikikuuliza unasema sawa. Sawa si siku.

Mtandao safi. Upepo hakuna. Masikio yangu mazima, yote mawili kwa kazi hii. Sina pa kujificha.

Nikamwambia ngoja, mwanangu, nitazame tarehe. Ndiyo maana nimetoa daftari, nyuma lina kalenda. Akapiga kelele ya furaha, hata makopo yakaikata! Akasema na yeye nimngoje, usikate baba, anakwenda kuchukua mkaa aiandike ukutani, kubwa, mpaka jirani aisome.

Bibi amepiga honi tena.

Mkataba unakwisha Jumamosi ya wiki ijayo. Kidole changu kiko juu ya Jumapili inayofuata. Naisikia miguu ya Kipengo inakimbia uani kwao, mitupu, pa pa pa. Mlango. Sufuria imeanguka, mama yake anafoka. Anacheka. Anarudi, anahema, yuko karibu na simu —